MASKATI: TUMBO DOGO KATIKA MJI WA KARAMU

Msafiri aiendeaye Maskati kwa njia ya bahari huiona milima kabla ya kuuona mji. Ni milima mikavu, yenye rangi ya chuma kilichoungua, isiyo na mti wala nyasi, nayo imeshuka hata ukingoni mwa maji. Na katika mabonde yaliyo baina yake ndimo zilimojengwa nyumba nyeupe za watu. Juu ya bandari ya zamani zimekaa ngome mbili, Jalali na Mirani, ambazo Wareno walizikamilisha katika miaka ya 1580, kisha wakaja kutolewa na Waarabu wa Oman mwaka 1650. Mtu wa pwani yetu hana haja ya kuelezwa udugu ulioko baina ya mji huu na Unguja. Sayyid Said bin Sultan alizitawala pande zote mbili. Na baada ya mapinduzi ya 1964, na zaidi baada ya mwaka 1970, Sultan Qaboos aliposhika ufalme na kuwaita Waomani walioko nje warudi kwao, watu wengi waliozaliwa Unguja, Pemba na bara walihamia huko pamoja na Kiswahili chao. Hata hivi leo ziko nyumba nyingi za Maskati ambamo mgeni huingia kwa "hodi" na kujibiwa "karibu", na wazee huamkiwa kwa "shikamoo".

Katika nyumba moja ya namna hiyo tulikaribishwa siku kumi za mwezi wa Shaaban. Wasomaji wetu watukufu watataraji tuwape habari za misikiti na masoko, nasi hatutawanyima. Lakini jambo lililotushughulisha zaidi huko ni habari ya mwenyeji wetu na sinia ya chakula, nayo twaona ina manufaa kwa kila nyumba ya Kiislamu, iwe Maskati, iwe Mombasa, iwe Tanga.

UKARIMU NA UZITO

Soko la Mutrah liko hatua chache kutoka baharini, nalo lina vichochoro vyembamba vilivyoezekwa juu, ambamo moshi wa ubani wa Dhofar haukatiki. Humo huuzwa fedha, majambia, vitambaa na manukato. Na pale mlangoni huuzwa halwa. Halwa ya Oman hupikwa kwa sukari, wanga, samli, zafarani, iliki na maji ya waridi, ikakorogwa saa nyingi katika sufuria kubwa mpaka iwe laini na kung'aa. Hapana msiba wala harusi isiyokuwa nayo. Mgeni hajamaliza kujibu salamu ila amekwisha wekewa tende na kahawa ya iliki; kisha huja matunda, kisha halwa, na baada ya hayo ndipo husemwa kwamba chakula ki tayari. Siku za Idi huchimbuliwa shuwa, nyama iliyozikwa shimoni pamoja na makaa na viungo usiku na mchana. Na ndugu zetu waliotoka pwani wameongeza yao: mandazi, vitumbua, wali wa nazi, na mishikaki inayochomwa kando ya barabara wakati wa usiku, hata Waarabu wasiojua neno jingine la Kiswahili nao huiita "mishkak".

Ukarimu huu ni sifa njema, wala hatuulaumu. Ila maisha yamegeuka nao haukugeuka. Kabla ya mwaka 1970 nchi ile ilikuwa na barabara chache mno za lami, na watu walikwenda kwa miguu na kwa ngamia, wakalima mitende kwa maji ya mifereji ya falaji, wakavuta nyavu. Mlo mkubwa wa mgeni ulimkuta mtu aliyekwisha fanya kazi ya siku mbili. Kisha katika umri wa kizazi kimoja ikaja gari, likaja jokofu, ikaja mashine ya kutia baridi nyumbani. Na jua la kiangazi, ambalo hupita digrii 40, likawa sababu ya kutotoka nje. Sinia imebaki ile ile, lakini mwili uliokuwa ukienda sasa umekaa. Leo zaidi ya nusu ya watu wazima wa Oman wana uzito uliopita kiasi, na maradhi ya kisukari yamekuwa kama mgeni wa kila nyumba. Wala tusidhani kwamba balaa hii ni yao peke yao. Shirika la Afya Duniani limehesabu kwamba mwaka 2022 watu zaidi ya bilioni 1 ulimwenguni walikuwa na unene wa maradhi. Na anayepita katika miji yetu ya pwani akatazama vizuri ataona kwamba nasi tumo safarini kuelekea huko huko.

MWENYEJI WETU

Mwenyeji wetu ni mwalimu, umri wake umepita miaka arubaini na mitano. Tulipomwona mara ya mwisho, kabla ya safari hii, alikuwa na uzito wa kilo 142, na urefu wake ni sentimita 172. Kwa hesabu ya waganga, ambayo huugawa uzito wa kilo kwa urefu wa mita uliozidishwa kwa wenyewe, alikuwa na 48, na mtu wa kadiri hupaswa awe baina ya 18 na nusu na 25. Alikuwa na kisukari, alikoroma usiku hata pumzi ikakatika, na magoti yalimwuma mno hata akawa anasali juu ya kiti. Miaka sita hakuweka paji la uso wake juu ya ardhi.

Alijaribu kula kwa kipimo mara nyingi. Akipunguza kilo kumi, mwaka ukiisha zimerudi kumi na tatu. Watu humcheka mtu wa namna hii na kusema kwamba hana azma. Lakini elimu ya leo imeonyesha kwamba mwili ulionenepa muda mrefu huutetea unene wake: mtu akipungua, mwili humzidishia njaa na hupunguza matumizi yake, kama tajiri bahili aliyeogopeshwa na ufukara. Kwa hiyo daktari wake alimshauri afanyiwe upasuaji wa kupunguza tumbo. Yeye hakukimbilia. Alimwendea sheikh wa msikiti wake akamwuliza kama yafaa kukata sehemu ya kiungo kisichokuwa na kidonda. Alijibiwa kwamba maradhi yake ni dhara ya kweli, na dawa yaruhusiwa ikiwa tabibu mwaminifu ameshuhudia haja yake. Ama kutafuta umbo zuri tu, hilo si haja ya kisu. Ndipo mwezi wa Shawwal, baada ya kumaliza kufunga, akaingia hospitali.

KAZI YA KISU

Yafaa tueleze kwa ufupi kazi hiyo ilivyo, kwani tumesikia watu wakisema kwamba tumbo hufungwa kamba, na wengine kwamba utumbo wote hutolewa. Sivyo. Mgonjwa hulazwa kwa dawa ya usingizi, yakatobolewa matundu machache madogo tumboni, ikapitishwa humo kamera na vyombo vyembamba. Mfuko wa chakula hukatwa kwa urefu wake, na wakati huo huo hubanwa kwa pini ndogo za madini. Sehemu kama nne katika tano hutolewa nje, wala hairudi tena maisha. Kinachobaki ni mrija mwembamba mfano wa ndizi, uwezao kuchukua kadiri ya kikombe kidogo. Utumbo haukuguswa. Na ile sehemu iliyotolewa ndiyo itoayo kwa wingi homoni ya njaa iitwayo ghrelini. Kwa hivyo mtu hupungukiwa na nafasi na hupungukiwa na hamu pia, hasa katika mwaka wa kwanza.

Zamani kazi hii ilikuwa ni sehemu moja tu ya upasuaji mkubwa zaidi. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 waganga waliwafanyia watu wazito mno sehemu hiyo peke yake kwanza, kwa kuhofia maisha yao, wakakusudia kuwarudia baadaye. Wakaona baadhi yao wamepungua vya kutosha hata hawakuhitaji kurudiwa. Hivyo ndivyo ilivyopata kusimama peke yake, na leo ndiyo ifanywayo zaidi ya nyingine zote za aina yake duniani.

Hatari zake ni chache lakini zipo. Ule mshono waweza kuvuja. Damu yaweza kuganda miguuni ikapanda mapafuni. Kiungulia chaweza kuzidi. Na kupungua kwa haraka kwaweza kuleta vijiwe vya nyongo. Mtu akipata homa, moyo kwenda mbio au maumivu makali katika siku zile za mwanzo, asingoje kesho. Arudi kwa waliompasua.

MIEZI BAADA YAKE

Watu hudhani kwamba mgonjwa akitoka hospitali, na aghalabu hutoka baada ya siku mbili au tatu, kazi imekwisha. Mwenyeji wetu alitwambia, "Kisu kilikuwa saa moja na nusu. Mimi kazi yangu ndiyo kwanza ilianza."

Wiki mbili za mwanzo alikuwa akinywa tu: maji, supu iliyochujwa, kisha maziwa, tena kwa funda ndogo ndogo tangu asubuhi hata usiku. Baada ya hapo alikula vitu vilivyopondwa laini kama chakula cha mtoto. Kisha samaki laini, mayai na dengu. Na ulipokaribia mwezi wa pili ndipo alipokirudia chakula cha kawaida, kwa kiasi kidogo mno. Alifundishwa kuanza na protini, yaani samaki, kuku, mayai, maziwa ya mgando au kunde, apate gramu 60 au zaidi kwa siku ili mwili usile misuli yake wenyewe. Kisha mboga, na wali uwe wa mwisho kama nafasi imebaki. Alifundishwa kutafuna mpaka tonge liwe uji, na kutokunywa pamoja na chakula bali angoje nusu saa. Mtume wetu (s.a.w.) ametufundisha kuligawa tumbo mafungu matatu, la chakula, la kinywaji na la pumzi. Mwenyeji wetu alicheka akasema, "Mimi sina tena nyumba ya kuwaweka wageni watatu kwa pamoja, sharti waje kwa zamu."

Kila siku humeza vitamini, na atazimeza umri wake wote, kwani tumbo dogo halipati chuma, vitamini B12, vitamini D na chokaa ya kutosha. Na kila baada ya miezi hupimwa damu. Mwezi wa nne nywele zilianza kumtoka, akafadhaika. Akaambiwa kwamba hilo huwapata wengi na kwamba zitarudi, na kweli zimeanza kurudi. Wanawake, kwa upande wao, huonywa wasishike mimba mpaka ipite miezi 12 hata 18, ili mtoto asishindanie lishe na mwili unaopungua.

Alfajiri ya kila siku, kabla jua halijawa kali, tulitembea naye njia ya pwani ya Mutrah, kutoka soko la samaki mpaka upande wa Riyam, ambako juu ya mlima kumejengwa mfano wa chetezo kikubwa cheupe. Zamani, alisema, hakuweza kufika nusu ya njia ile. Tulipomwona safari hii alikuwa na kilo 101. Vidonge vya kisukari daktari amemwondolea, ingawa bado humpima, kwani maradhi yale huweza kurudi.

Siku ya Ijumaa tulikwenda naye Msikiti Mkuu wa Sultan Qaboos, uliofunguliwa mwaka 2001. Mengi yamesemwa juu ya zulia lake na taa zake, na hakika ni vya kustaajabisha. Lakini sisi macho yetu yalikuwa kwa mtu aliyesimama safu moja nasi bila kiti. Aliposujudu, alikawia. Baada ya salamu hakusema neno, wala sisi hatukumwuliza.

MAMA NA FINJANI

Taabu yake kubwa haikutoka tumboni. Ilitoka kwa watu, na wa kwanza wao ni mama yake. Bibi huyu alizaliwa Unguja, amepita miaka themanini, na umri wake wote ameonyesha mapenzi kwa upawa. Mwanawe alipokuwa akila vijiko vitatu na kuweka mkono kando, yeye alilia. Alisema, "Nimekulea kwa chakula hiki, leo wakikataa?" Majirani nao walimwambia kwamba mwanawe amekonda, pengine ana maradhi yanayofichwa. Kwa miezi miwili, mwenyeji wetu alikuwa akiongeza tonge moja kumridhisha mama yake, kisha akaenda kutapika.

Mwishowe alimchukua mama yake hata kwa daktari. Daktari alikuwa kijana mwenye adabu. Alimwonyesha bibi kwa mkono wake ukubwa wa tumbo lililobaki. Bibi alinyamaza. Aliporudi nyumbani alikwenda kabatini, akatoa finjani moja ya kahawa katika zile alizozitunza tangu Unguja, akasema, "Basi hii ndiyo sahani yako." Tangu siku hiyo chakula cha mwanawe hukipima yeye mwenyewe: finjani moja ya samaki, nusu ya mboga. Tuliketi mezani tukaona jinsi anavyoisawazisha kwa kidole kama muuza dhahabu. Mapenzi yake hayakupungua hata chembe. Yamepata kipimo tu.

NDUGU WA PILI

Nyumba ile ina ndugu wa pili, mdogo wake, ambaye alifanyiwa upasuaji kama huo miaka minne iliyopita, katika nchi ya mbali. Alikaa huko siku tano akarudi, wala hakuwa na daktari wa kumfuata. Mwaka wa kwanza alipungua kilo 38, watu wakamsifu. Mwaka wa pili alisimama. Kisha zikaanza kurudi, na sasa zimekwisha rudi kilo 20. Damu yake ilikuwa pungufu kwa kukosa vitamini alizoziacha baada ya miezi sita.

Tulimwuliza sababu, naye alitueleza kwa unyofu. Nyama humshinda, lakini halwa huteleza. Chai ya maziwa yenye sukari, soda, sharubati, visheti vya kutafuna mbele ya televisheni, vyote hupita katika mrija ule bila kuujaza, na mtu aweza kuvila mchana kutwa asishibe hata mara moja. Wahenga wetu wamesema haba na haba hujaza kibaba. Nao walisema kweli hata kwa yasiyopendeza. Kisu huufupisha mlo, lakini hakiwezi kumzuia mtu asiyeacha kula baina ya milo. Na mrija wenyewe hupanuka kidogo kwa miaka, na njaa hurudi kwa kiasi. Aghalabu kila mtu hurudishiwa kilo chache baada ya mwaka wa pili. Lakini kurudi kwa zote au kwa nusu yake ni onyo la kumtaka aende kwa waganga tena, asijifiche kwa aibu.

Na aibu ndiyo iliyomdhuru. Jamaa walimwambia kwamba amepoteza fedha zake bure. Kwa hiyo alikula peke yake, usiku, mlango ukiwa umefungwa. Tulifurahi kuona kwamba katika siku zetu kumi, kwa siku tatu za mwisho, alianza kutoka nasi alfajiri kutembea. Kaka yake hakumwambia neno ila "twende".

RAMADHANI INAKARIBIA

Shaaban ilikuwa ikiisha, na swali moja lilikuwa limemkalia mwenyeji wetu moyoni: je, atafunga? Ilikuwa ni mwezi wa kumi tangu apasuliwe. Hofu ya waganga haikuwa juu ya njaa, kwani njaa alikuwa nayo kidogo. Ilikuwa juu ya maji. Mtu mwenye tumbo kubwa aweza kunywa bilauri tatu wakati wa daku. Yeye hunywa funda, akangoja, akanywa funda. Madaktari wengi huwakataza wagonjwa hawa kufunga miezi ya mwanzo, na baada ya hapo huangalia hali ya kila mmoja peke yake.

Alipimwa damu, kisha daktari akamruhusu ajaribu kwa masharti: tangu magharibi hata alfajiri anywe kidogo kidogo mpaka atimize lita moja na nusu, afungue kwa tende moja na maji, aswali, kisha ale finjani yake, vyakula vya kukaanga na vya sukari avipishe, na akiona kizunguzungu, au mkojo umekuwa mweusi, afungue mara moja. Yeye alihuzunika kwa sharti la mwisho. Lakini sheikh wake alimkumbusha kwamba aliyeamrisha kufunga ndiye aliyempa mgonjwa ruhusa ya kula na kulipa siku nyingine, na kwamba kuikataa zawadi ya Mola si uchamungu.

Baada ya Idi tulipata barua yake. Alifunga siku kumi na tisa. Kumi na moja alikula, naye amekwisha anza kuzilipa siku za Jumatatu na Alhamisi, hali ya hewa ilipopoa. Mama yake, anasema, ndiye aliyemwamuru kufungua siku ya kwanza alipomwona midomo imekauka.

NENO KWA WASOMAJI WETU

Hatuandiki haya ili kila mnene akimbilie kisu. Upasuaji huu ni wa mtu ambaye unene wake umekwisha kuwa maradhi, aliyepimwa na waganga wanaojua kazi yao, na ambaye ataweza kuwarudia mwaka baada ya mwaka. Anayekwenda kupasuliwa ng'ambo, Hindi au Uturuki, na aulize kabla ya kukata tikiti: nikirudi kwetu, nani atanipima damu? Asipopata jibu, asiende.

Enyi vijana, msimcheke mnene wala msimcheke aliyekonda baada ya unene. Hamjui amepita njia gani. Tembeeni mngali na magoti mazima, na sukari ya chai ipunguzeni leo, kwani ni rahisi kuliko kuipunguza kesho. Nanyi akina mama na wenye nyumba, mgeni akiweka mkono kando baada ya matonge matatu, mwambieni "alhamdulillahi" pamoja naye, wala msimwapize ale tena. Karamu ni uso mkunjufu kabla ya kuwa sahani. Mwenyezi Mungu atujaalie tuwe wenye kula kwa kiasi, wenye kushukuru kwa wingi, na awaponye wagonjwa wetu wote. Amin.